Tarehe 25 Julai tunamuenzi nani hasa, na kwa vita vipi?

#1 Kizota_Mkongwe

Wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka tarehe 25 Julai Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, Meya huweka upinde na mshale, na mzee aliyepigana vita huweka shoka. Viongozi wa dini huomba, baragumu hulia, watu hunyamaza, kisha tunatawanyika tukiwa tumeambiwa kwamba tumewakumbuka mashujaa wetu. Nimehudhuria hapa Dodoma na nilisimama kwa heshima kama wenzangu, lakini nina hoja ambayo ningependa tuijadili kwa utulivu.

Tukiwahesabu wote waliokufa katika ardhi hii wakiwa na silaha mkononi, tutakuta wapiganaji wa Majimaji wa mwaka 1905 hadi 1907, na tutakuta askari Waafrika waliowapiga risasi kwa amri ya Mjerumani. Tutakuta vijana waliopelekwa na Mwingereza kumfukuza Mjerumani, na vijana wa upande wa pili waliomfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka alipojisalimisha Abercorn, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Mwishoni tutawakuta waliokufa Kagera katika vita na Idi Amin wa Uganda, mwaka 1978 hadi 1979. Watu hao hawakufa kwa ajili ya jambo moja, na baadhi yao walikufa wakilizuia jambo ambalo wengine walikufa wakilitetea.

Dai langu ni kwamba heshima ya taifa inapaswa kufuata sababu ya vita, si kifo peke yake. Kifo cha vitani ni msiba kwa kila familia, na kila mfiwa anastahili pole. Lakini taifa linapoweka mkuki na ngao linasema kwamba vita vile vilikuwa vyetu na vilikuwa vya haki, na kauli nzito namna hiyo haiwezi kutolewa kwa kila aliyevaa sare. Ninyi mnaonaje?

#2 Mwana_wa_Muleba

Ahsante kwa uzi. Mimi nimekulia jirani na Kaboya, ambako wamezikwa wanajeshi wetu wa Vita vya Kagera na majina yao yameandikwa. Kule huwezi kubishana kuhusu sababu ya vita, kwa kuwa sababu iliingia yenyewe mwishoni mwa Oktoba 1978, ikachoma nyumba, ikaswaga ng'ombe na kuua raia. Wazazi wangu walikimbia na watoto mgongoni. Waliokwenda kulizuia jambo lile ni mashujaa, na neno hilo halihitaji kamati ya kulipima.

#3 Mstaafu_wa_Kyaka

Vijana wangu, nimewasoma nyote wawili na ninawashukuru kwa kuleta jambo hili kwa adabu.

Nilikwenda Kagera nikiwa mgambo. Nilisikiliza hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 kwenye redio ya jirani, ile ya sababu, nia na uwezo, na sikuhitaji maelezo zaidi. Lakini ninamwambia ndugu Kizota kwamba sababu ya vita ni jambo la wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi. Ukiwa kule katikati, unapovuka Mto Kagera kwa daraja la muda kwa sababu lile la Kyaka limelipuliwa, hufikirii katiba wala mipaka ya nchi, unamfikiria mwenzako aliye mbele yako na yule aliye nyuma yako. Niliowaona wakifa walikufa kwa sababu hawakukubali kumwacha mwenzao. Heshima ninayowapa mimi ni kwa ajili ya jambo hilo, na lingekuwa jambo lile lile hata kama viongozi wangekuwa wamekosea.

#4 Mama_Neema

Shikamoo mzee. Maneno yako nimemsomea mama yangu, ambaye kaka yake hakurudi.

#5 Kizota_Mkongwe

Shikamoo mzee wangu, na ninakuheshimu sana. Lakini tukiupokea msimamo wako kama ulivyo, tutalazimika kumheshimu vilevile askari wa Idi Amin ambaye hakumwacha mwenzake kule Lukaya, Uganda, na Mlibya aliyekuja kumsaidia Amin akafa pembeni yake. Wao pia walikuwa na mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Je, tuweke ngao kwa ajili yao?

#6 Mstaafu_wa_Kyaka

Ngao hapana. Lakini tuliwazika, na aliyekuwa na dini aliomba.

#7 Msomaji_wa_Nyaraka

Naomba nichangie kwa upande wa takwimu, kwa sababu uzi huu umeanza na sherehe na sasa uko kwenye mahandaki, wakati wengi waliokufa vitani katika nchi hii hawakuwahi kushika bunduki.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Hawakuuawa kwa risasi, isipokuwa wachache. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na unga usioiva vizuri. Mwaka 1917 walikusanywa kwa nguvu kwa wingi zaidi kuliko miaka iliyotangulia, kwa kuwa magari na wanyama wa mizigo hawakuhimili njia na mbung'o. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu angalau 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Ukienda kwenye makaburi yale ya vita ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam utasoma majina kwenye mawe yaliyopangwa kwa mistari, na nyasi zimekatwa vizuri, lakini huwezi kumpata hapo mpagazi wa Unyamwezi au wa Ukamba.

Kwa hiyo ninamuuliza mleta uzi hivi: kama heshima inafuata sababu ya vita, mtu aliyekamatwa shambani akatwishwa mzigo wa ratili hamsini hadi akaanguka njiani tumuweke wapi, maana yeye hakuwa na sababu yoyote.

#8 Kijana_wa_Posta

Mbona wapagazi na askari wetu wa Vita ya Pili wamekumbukwa? Ile Sanamu ya Askari pale Posta ni ya nani kama si yao? Tunapita mbele yake kila siku.

#9 Msomaji_wa_Nyaraka

Mkuu, sanamu ile ni ya Vita ya Kwanza, na ilizinduliwa mwaka 1927, yaani miaka 12 kabla Vita ya Pili haijaanza. Iliwekwa na Waingereza mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani, ambayo waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Wapagazi wamo, hapo umesema kweli: maandishi ya chini yanawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi, nao wamechongwa ubavuni mwa kitako. Aliyesimama juu akiwa ameelekeza singe bandarini ni askari. Nairobi, katika Barabara ya Kenyatta, sanamu ya wakati ule ule ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, kwa hiyo majirani zetu wametutangulia kidogo.

#10 Nyika_254

Nawasalimu kutoka Kenya. Nashukuru kwa sifa hiyo, ingawa aliyetutangulizia ni mkoloni yule yule.

Kwetu swali la ndugu Kizota ni kali zaidi, kwa kuwa waliopigana walikuwa wa kijiji kimoja. Tarehe 20 Oktoba iliitwa Kenyatta Day hadi katiba ya mwaka 2010 ilipoifanya kuwa Siku ya Mashujaa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliompinga Mwingereza, alinyongwa Februari 1957 na kaburi lake ndani ya gereza la Kamiti halijaonyeshwa kwa familia hadi leo. Sanamu yake iliwekwa mjini Nairobi mwaka 2007, miaka 50 baadaye. Mnara wa waliotendewa ukatili wakati wa Mau Mau ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015, na fedha zilitoka serikali ya Uingereza. Katika ukoo wangu kuna mzee aliyekuwa msituni na ndugu yake aliyekuwa hom gadi, yaani mgambo wa Mwingereza dhidi ya Mau Mau. Wote wawili wamezikwa katika shamba moja, na mazishini hakuna aliyesimama kusema yupi alikuwa shujaa. Watoto wao wanajua, lakini hawasemi mbele ya wageni.

Tena kuna jambo la sasa. Askari wetu waliouawa El Adde nchini Somalia tarehe 15 Januari 2016 hawakutangaziwa idadi yao na serikali, wakati majeneza yalikuwa yakipelekwa vijijini. Taifa linalowaenzi mashujaa wake huanza kwa kuwahesabu.

#11 Litembo_Asilia

Ninaandika kutoka Songea, na nimevumilia kusoma mpaka hapa.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa kwetu manduna, yaani viongozi wa vita, na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya sitini kwa pamoja, wakawafukia katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa baadaye. Kila Februari tunafanya kumbukizi kwenye Makumbusho ya Majimaji, na wazee wanazungumza na wale walio chini. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa akaomba msamaha, na familia ya Nduna bado inasubiri fuvu lake. Fuvu la Chifu Mkwawa lilirudishwa kwa Wahehe mwaka 1954, baada ya kutajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kwa hiyo tunajua kwamba jambo hili linawezekana na tunajua pia kwamba linachelewa.

Sasa naomba nieleweke. Waliofunga kamba zile hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwamo askari Waafrika, na waliochoma maghala yetu hadi njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki walikuwa Waafrika pia. Ndugu Msomaji anapomlilia mpagazi wa mwaka 1917 ninalia naye. Lakini mtu akiniambia kwamba askari wa Mjerumani aingizwe katika dua ile ile ya tarehe 25 Julai, nitakaa chini wakati wengine wamesimama.

#12 Kipanga_wa_Tabora

Ndugu Litembo, pole, na ninakusikia. Lakini babu mzaa baba yangu alikuwa askari wa Mjerumani, kwa hiyo naomba na mimi nisikilizwe.

Aliingia jeshini akiwa kijana, wakati kwao hakukuwa na njia nyingine ya kupata fedha ya kodi wala mahari. Alipigana Tanga Novemba 1914, akapigana Mahiwa Oktoba 1917, akatembea mpaka Msumbiji. Hakuwahi kufika Songea wakati wa Majimaji kwa sababu alikuwa bado mtoto. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari hao malimbikizo yao ya mishahara, wazee walijitokeza Mwanza na wengi hawakuwa na karatasi, hivyo afisa aliyetumwa alimpa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Walikumbuka kila amri. Baba alipokuwa akitusimulia kisa hicho hakucheka hata siku moja, kwa kuwa alikiona kama aibu ya watu wazima kupimwa kwa ufagio.

Sitaki ngao kwa ajili ya babu. Ninachotaka ni kwamba anapotajwa asitajwe kama msaliti wa taifa ambalo halikuwapo bado.

#13 Mama_Neema

Kaka Kipanga, hapo umenigusa. Mtu atalisaliti vipi taifa ambalo halijazaliwa?

#14 Litembo_Asilia

Taifa halikuwapo, lakini ghala la bibi yangu lilikuwapo.

#15 Bi_Zuhura_wa_Ng'ambo

Assalaam alaykum, na salamu kwa wasiokuwa wa dini yangu.

Mnapima nani shujaa kwa mizani ya serikali, na mimi ningependa kuleta mizani nyingine. Katika mafundisho tuliyosomeshwa chuoni, mashahidi wametajwa kuwa zaidi ya yule anayeuawa vitani: yumo aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini na aliyeangukiwa na kifusi. Ndugu Msomaji ametuambia kwamba wapagazi walikufa kwa kuhara damu. Kwa mizani hiyo, masikini yule aliyeanguka njiani na mzigo kichwani ana daraja mbele ya Mola wake, na hakuhitaji kuwa na sababu ya vita wala bunduki. Kinyume chake, anaweza kuuawa mstari wa mbele mtu aliyekwenda kutafuta sifa, na hilo analijua Mungu peke yake.

Kwa hiyo mimi sisimamii mnara. Minara ni kazi ya serikali na siikatazi. Ninasimamia dua, maana dua haihitaji kujua upande.

#16 Ukweli_Mchungu

Ninawasoma wote na ninaona mnakwepa jambo kubwa. Sherehe hizi zote, za mnara na za dua, zinawafundisha watoto kwamba kufa vitani ni kuzuri. Shuleni tulijifunza hotuba ya mwaka 1978 kwa moyo. Hakuna aliyetufundisha kwamba baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18 na kwamba hali ngumu ilidumu kwa miaka, kwamba sabuni ikawa ya magendo, wala kwamba jeshi lililokuwa na watu wasiozidi 40,000 lilikua hadi zaidi ya 150,000 na vijana hao walirudi nyumbani wakiwa si wale walioondoka. Vita vina maana moja tu, nayo ni kushindwa kwa watu wazima kuelewana. Nchi yenye akili ingeweka mnara kwa ajili ya vita vilivyoepukwa.

#17 Mwana_wa_Muleba

Ndugu Ukweli, tueleze basi tungeelewana vipi na mtu aliyetangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijaribu kupatanisha, na haukumlaani mvamizi. Wewe ulilelewa na amani ambayo wengine waliilipia.

#18 Ssebo_wa_Masaka

Mnisamehe kwa Kiswahili changu cha Uganda, lakini ninyi mnazungumza juu ya nchi yangu.

Tuliwapenda askari wa Tanzania. Waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na watu walicheza barabarani. Wazazi wangu waliwaita wakombozi, na mpaka leo mzee wetu akimsikia Mtanzania akizungumza anatafuta kiti cha kumkalisha. Hayo ni ya kweli. Lakini mimi ni wa Masaka, na Februari mwaka ule mji wetu ulipigwa na kubomolewa, kama Mbarara, ili kulipiza yaliyofanyika Kagera. Duka la babu lilikuwa katika mtaa ambao haukubaki na ukuta, na babu hakuwa askari wa Amin.

Kwa hiyo nikiwaona mnaweka ngao, sehemu moja ya moyo wangu inasimama pamoja nanyi na sehemu nyingine inauliza kama katika hotuba kuna hata sentensi moja kuhusu Masaka.

#19 Mstaafu_wa_Kyaka

Mwanangu wa Masaka, nilipita pale. Uliyoyaandika ni ya kweli. Tulikuwa tumetoka kuyaona yaliyofanyika Kyaka, kanisa limebomolewa, watu wamechinjwa mashambani, na hasira ilikuwa imetutangulia. Hilo si jambo la kuombewa ngao, na mimi sijawahi kulisimulia kwa fahari. Poleni kwa duka la mzee wenu.

#20 Ssebo_wa_Masaka

Ahsante, mzee.

#21 Kizota_Mkongwe

Sasa mjadala umefika mahali nilipotaka ufike. Vita vilivyoanza kwa kujilinda vilivuka mpaka pale Mutukula Januari 1979, na Julai mwaka huo kule Monrovia baadhi ya wakuu wa Afrika walituambia wazi kwamba tumevunja kanuni za Umoja. Mimi ninaamini kwamba kumwondoa Amin kulikuwa haki. Lakini mnaona kwamba hata vita vyetu vilivyo wazi kuliko vyote vina sehemu mbili zinazohitaji kutetewa kwa hoja tofauti, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba sababu lazima izungumzwe, kila mwaka, mbele ya mnara, badala ya kufunikwa na baragumu.

#22 Msomaji_wa_Nyaraka

Mkuu Kizota, unazidi kunipa kazi. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa wanajeshi wetu waliokufa katika Vita vya Kagera ni 373, na kati yao 96 tu waliuawa katika mapigano. Waliobaki walikufa kwa ajali na maradhi. Kama heshima inafuata sababu, aliyekufa kwa lori kupinduka na aliyekufa akishambulia ni sawa, kwa kuwa sababu ni moja, na hapo nakubaliana nawe kabisa. Lakini Mstaafu anasema heshima inafuata kutomwacha mwenzako. Je, aliyekufa kwa lori alimwokoa nani?

#23 Mama_Neema

Ndugu Msomaji, mjomba wangu alikufa kwa lori. Alikuwa dereva, na alikuwa anapeleka chakula mbele. Naomba tusiwagawe kwa namna walivyokufa.

#24 Mstaafu_wa_Kyaka

Binti yangu, bila madereva tungekula nini? Walisafiri usiku bila taa kwenye barabara zile za matope. Msomaji, kijana wangu, nimekuona unavyopenda hesabu, na hesabu ni nzuri, lakini ile 96 usiitenge na ile iliyobaki.

#25 Msomaji_wa_Nyaraka

Nakubali, mzee, na ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta tangu nilipoandika mara ya kwanza. Kama dereva aliyepeleka chakula mbele ni shujaa, basi mpagazi aliyepeleka chakula mbele kwa kichwa chake mwaka 1917 alifanya kazi ile ile, kwa njia mbaya zaidi na bila kuulizwa.

#26 Kizota_Mkongwe

Kazi ni ile ile, lakini yule wa 1917 alimpelekea nani chakula? Alilisha jeshi la mtu mmoja aliyetaka kumpokonya mwenzake nchi isiyokuwa yao wote wawili. Ninamlilia kama aliyedhulumiwa, na ninataka ajengewe mnara wa waliodhulumiwa, tena mkubwa kuliko huu. Tukimwita shujaa wa taifa tunamsafisha aliyemkamata.

Na kwa kuwa mimi ni mkazi wa Dodoma, niongeze jambo ambalo halitajwi. Majeshi ya pande zote mbili yalipopita Ugogo yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, na baada yake ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu. Sherehe ya mashujaa sasa inafanyika juu ya ardhi hiyo hiyo, na sijawahi kumsikia mtu yeyote akiitaja Mtunya hata mara moja. Waliokufa kwa njaa ya vita hawana sare, kwa hiyo hawana siku.

#27 Mjukuu_wa_Mwanamaji

Nimechelewa kuingia, lakini uzi umenikumbusha jambo la nyumbani. Babu yangu mkubwa alikuwa katika kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kilichopandishwa meli ya Khedive Ismail kuelekea Ceylon. Nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944, na watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa vijana wetu wa Afrika Mashariki. Hakuna kaburi. Jina lake limeandikwa kwenye ukumbusho ulioko katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na shangazi alipoligusa kwa mara ya kwanza alianza kusalimiana nalo kwa jina la ukoo, akamweleza nani amezaliwa na nani amekufa.

Shangazi hakuuliza vita vile vilikuwa vya nani. Ndugu Kizota, ninaiheshimu hoja yako, lakini familia yetu ilihitaji mahali pa kusimama, na aliyetupatia mahali hapo ni Mwingereza yule yule aliyemchukua.

#28 Ukweli_Mchungu

Na Wanyasa, Wasukuma na Wakamba wa meli ile walikuwa na ugomvi gani na Mjapani?

#29 Mjukuu_wa_Mwanamaji

Hawakuwa nao. Ndiyo maana tunataka majina yao yasomwe.

#30 Baba_Askari

Mwanangu yuko jeshini, na amewahi kutumwa Kongo na kurudi salama, kwa hiyo ninasoma uzi huu kwa namna yangu. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi cha kushambulia waasi, na sisi, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, tukapeleka askari. Mwaka huo huo askari wetu saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yetu pale Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na waasi wa ADF, na miili 14 ikaletwa kuagwa Dar es Salaam.

Hao hawakulinda mpaka wetu wala hawakufa kwa ajili ya mfalme wa mtu. Walikufa wakiwalinda Wakongomani ambao hawawajui kwa majina. Kwa kanuni ya ndugu Kizota, vita vile ni vyetu? Kwa kanuni ya Ndugu Ukweli, walipaswa kubaki nyumbani? Ninawauliza kwa dhati, kwa sababu mwanangu akitumwa tena nitahitaji jibu la kumpa mama yake.

#31 Raia_wa_Beni

Baba, mimi niko upande wa Beni. Askari wa Monusco, yaani kikosi cha Umoja wa Mataifa hapa Kongo, tumewalalamikia mara nyingi, kwa kuwa watu wetu waliendelea kuchinjwa na wao wako kambini. Siwezi kuficha hilo. Lakini wale wa Semuliki tuliwalilia, na kanisani kwetu waliombewa. Maana ya kifo chao kwetu ni kwamba kuna mtu wa mbali aliyeuawa na adui yule yule anayetuua sisi.

#32 Kizota_Mkongwe

Baba Askari, kwa kanuni yangu jibu ni ndiyo. Kumlinda asiye na silaha ni sababu ya haki hata ng'ambo ya mpaka, na ngao yao wameistahili.

Swali langu la mwisho ni kwa Mstaafu. Mzee, ukipewa nafasi ya kuweka shoka pale kwenye mnara, na ukaambiwa kwamba shoka hilo ni kwa ajili ya mwenzako wa Kyaka, mpagazi wa 1917, askari wa Mjerumani babu yake Kipanga na wapiganaji wa Songea, wote kwa pamoja, utaliweka?

#33 Mstaafu_wa_Kyaka

Nitaliweka kwa mwenzangu na kwa mpagazi. Kwa wapiganaji wa Songea nitaliweka kama nikiruhusiwa na wenyewe wa Songea, kwa kuwa vita vile ni vyao kwanza. Kwa babu yake Kipanga, nitakwenda Tabora kumpa Kipanga pole nyumbani kwake, na nitakaa nile naye. Ukinilazimisha yote kwa shoka moja, nitampa mwingine aliweke.

#34 Kipanga_wa_Tabora

Karibu sana mzee, nyumba ni yako. Ninaipokea pole, lakini bado ninadai kwamba babu atajwe mahali fulani zaidi ya sebuleni kwangu.

#35 Litembo_Asilia

Mzee Mstaafu, njoo Februari, wazee watakupokea. Kuhusu ruhusa sitakujibia mimi. Kuna wanaoona kwamba Majimaji haipaswi kuchanganywa na vita vya serikali yoyote, na kuna wanaolalamika kwamba tumeachwa pembeni muda mrefu mno. Mwaka jana walibishana kuhusu jambo hilo mpaka jua likazama, na waliahidi kuendelea.